Locke wa Laslett: toleo zuri, ila usianzie mwanzo

Ukitaka kumsoma John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, kwa makini, nunua toleo la Two Treatises of Government (Risala Mbili za Serikali) lililohaririwa na Peter Laslett, lililotoka Cambridge kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Utangulizi unazidi kurasa 100, na ndio utamu wenyewe: Laslett anaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu iliandikwa miaka kadhaa kabla ya mapinduzi ya Uingereza ya 1688, wala haikuwa hati ya kuyahalalisha baada ya mambo kwisha.

Risala ya kwanza, yenye aya 169, inambana Robert Filmer, mwandishi aliyetetea utawala wa wafalme, na dai lake kwamba wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu. Wengi hukwama hapo, kitabu kikabaki rafuni. Iruke. Ingia ya pili: sura ya 2, ya 5, ya 9, kisha ya 19 kuhusu kuvunjika kwa serikali. Kosa la kawaida ni kudhani "mali" ni shamba na nyumba tu. Aya ya 123 inasema wazi ni uhai, uhuru na vitu kwa pamoja. Ukiipita hiyo, hoja nzima itaonekana ya kuwatetea matajiri.

Kasoro? Tahajia ya karne ya 17 imeachwa ilivyo, na herufi kubwa na italiki zimetapakaa, macho huchoka. Sura ya 4, kuhusu utumwa, ina aya 3 tu. Isome ukijua kwamba Locke aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company, iliyouza watu.