Bei ya bangoni na bei ya mlangoni: ununuzi wa pikipiki mpya jijini Mwanza

Duka ninalolizungumzia liko katikati ya jiji la Mwanza, na sitalitaja jina, kwa kuwa maduka mengine matatu niliyoyapitia kabla yake yalikuwa na mwenendo uleule wa bei, mawili kati yake yakiwa mabaya zaidi. Nilikwenda hapo kununua pikipiki ya cc 125 iliyotengenezwa India, ya kubebea dagaa kutoka Igombe hadi soko la Mwaloni pale Kirumba, na mara mojamoja kuvuka nao hadi Sengerema, safari ambayo imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko kubaki hadithi. Bango la nje lilisema 2,780,000 kwa tarakimu nyekundu ambazo hata mimi ninayevaa miwani nilizisoma nikiwa ng'ambo ya barabara.

Ndani nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti na maji. Nilipomwambia binti wa mauzo kwamba fedha ninayo na nataka kulipa siku hiyohiyo, alinichapishia profoma, yaani hati ya bei kabla ya malipo, ambayo jumla yake ilikuwa 3,440,000. Nilidhani amekosea pikipiki. Hakuwa amekosea. Chini ya ile bei ya bangoni kulikuwa na mistari saba: usajili na kibao cha namba 280,000, bima 85,000, usafiri kutoka Dar es Salaam 70,000, kufunga pikipiki 60,000, vifaa 95,000, rodi laisensi 30,000, na mstari wa mwisho ulioitwa huduma ya ofisi, 40,000. Nyongeza yote ni 660,000, yaani karibu robo ya bei iliyonivuta kuingia dukani.

“Baba, ile ya nje ni bei ya pikipiki tu,” alinieleza kwa upole.

Nikamuuliza, “Sasa binti yangu, kuna mtu anayenunua pikipiki isiyokuwa na namba akaiweka sebuleni?” Alicheka, nami nikacheka, kisha nikaomba kalamu.

Kwa haki, si kila mstari ulikuwa wa hila. Usajili ni lazima. Pikipiki haiingii barabarani bila kusajiliwa Mamlaka ya Mapato na kupewa namba inayoanza na MC, na mnunuzi anatakiwa awe na namba ya mlipakodi ili kadi itoke kwa jina lake. Nilichosisitiza hapa ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba kadi itoke moja kwa moja kwa jina langu, isitoke kwanza kwa jina la duka, kwa sababu kuhamisha umiliki baadaye kuna ada zake na usumbufu wake. La pili ni kuonyeshwa kumbukumbu namba ya malipo yenyewe, ile inayotolewa na mfumo wa serikali. Nilipoonyeshwa, kiasi kilichotakiwa serikalini kilikuwa pungufu ya kile cha kwenye profoma, na tofauti hiyo niliambiwa ni ya kijana anayefuatilia. Niliiacha ipite, kwa kuwa nami ningetumia nauli na siku mbili kufuatilia, lakini niliiacha nikiijua, na hilo kwangu lina uzito.

Bima nayo ni ya lazima kisheria, walau ile ya mtu wa tatu, ambayo humlipa yule uliyemgonga na haikulipi wewe wala chombo chako. Sheria inakutaka uwe nayo. Haikulazimishi kuinunua kwenye kaunta ya muuza pikipiki. Wakala wa bima wa mtaa wa pili alinitajia 65,000 kwa bima hiyohiyo, nikalipa kwake, nikahakiki stika kwa simu nikiwa bado nimesimama dirishani pake.

Mstari ulionikera ni wa rodi laisensi. Ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na fidia yake ikapelekwa kwenye ushuru wa mafuta, kwa hiyo kila tunapojaza tangi sheli tunailipa bila kuiona. Kinachobaki kulipwa mwanzoni kinaingia katika usajili, ambao nilikwisha kutozwa mistari mitano juu. Nilipouliza fedha hii inapelekwa wapi, binti alimwita meneja, meneja akaitazama profoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, kisha akasema fomu yao ni ya zamani, akaufuta. Yawezekana. Ila fomu ya zamani inayokusanya fedha mpya kila siku nisingependa kuiita usahaulifu.

Kuhusu kufunga pikipiki, nadhani wasomaji wengi hawajui kwamba pikipiki mpya hufika dukani ndani ya kreti, tairi la mbele likiwa limetolewa, usukani umelazwa, vioo vimefungwa kwenye karatasi na betri ikiwa kavu. Kazi ya kuiunganisha ni ya kweli, na fundi anastahili ujira. Hoja yangu ni kwamba ujira huo ni sehemu ya kuiuza, kama vile muuza chai asivyokutoza maji ya moto kando. Hoja hii meneja aliikubali upesi kuliko nilivyotarajia, akaufuta mstari huo pamoja na ule wa huduma ya ofisi, ambao hakujaribu hata kuutetea. Usafiri wa kutoka Dar es Salaam aliushikilia, akisema barabara ni zaidi ya kilomita 1,100 na mwenye lori hasafirishi kwa hisani. Tuliachana hapo, 70,000 ikabaki.

Vifaa vya 95,000 vilikuwa gadi ya injini, kava la siti, vioo vya pembeni na helmeti moja. Nilipoomba kreti ifunguliwe mbele yangu, vioo vilitoka humo humo ndani, vya kiwandani. Kava nilikuwa nalo nyumbani na helmeti pia. Nikachukua gadi peke yake kwa 35,000.

Likaja suala la risiti. Walitaka kunipa risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ya 2,780,000, na yale mengine wayaandike kwa mkono kwenye kijitabu chenye kaboni. Mashine hizi zimekuwepo nchini tangu 2010, na muuzaji anatakiwa kutoa risiti yake kwa fedha yote aliyoipokea, si kwa sehemu anayoichagua. Nilisubiri dakika arobaini hadi risiti ikatoka ya 3,165,000. Ukijumlisha na bima ya nje, pikipiki imenigharimu 3,230,000, pungufu ya profoma ya kwanza kwa 210,000. Bado iko mbali na bango.

Niseme kidogo kuhusu yale maduka mengine, kwa sababu bei ya chini nayo ina mtego wake. Moja lilinitajia 2,450,000 kwa simu, nikawa nimekwisha kupanda daladala ya Buzuruga kuifuata, na nilipofika ndipo nikaambiwa hiyo ni kabla ya VAT. Kwa asilimia 18, inakuwa 2,891,000, kubwa kuliko ya duka nililonunua. Jingine lilinishawishi nichukue kwa mkopo: kianzio 800,000, kisha 65,000 kila wiki kwa wiki 52. Kijana aliyekuwa mbele yangu alisaini papo hapo kwa sababu 65,000 kwa mtu wa bodaboda ni hesabu inayopatikana. Zidisha lakini: 3,380,000 ukiongeza kianzio ni 4,180,000, na humo hakujaingia kifaa cha kufuatilia pikipiki, ambacho alitakiwa kukilipia mwenyewe ili wakopeshaji wajue alipo.

Nirudi kwenye duka langu, maana lina jambo ambalo nalisifu bila kigugumizi, nalo ni fundi. Ni mzee wa makamo, alinisalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka”, nami nikaitika, akavuta kigoda. Alitia asidi kwenye betri na kuiweka kwenye chaja hadi alasiri, ingawa vijana wa mauzo walitaka niondoke nayo saa sita. Alinieleza kwamba betri isiyochajiwa vizuri siku ya kwanza hufa mapema na mteja husingizia kiwanda. Aliibonyeza cheni kwa kidole, akailegeza kidogo, kisha akasoma namba ya chasisi pale shingoni kwa usukani huku mimi nikiilinganisha na ya kwenye nyaraka, tarakimu moja moja. Hakunidai hata senti.

Kadi na kibao cha namba vilichukua siku kumi na sita, ingawa niliahidiwa tano. Katika kusubiri huko walinishauri niendeshe na nakala ya risiti mfukoni. Nilikataa, kwa kuwa faini ingekuwa yangu si yao, pikipiki ikalala stoo kwao na dagaa wangu wakaendelea kupanda bodaboda ya kukodi. Siku ya kuichukua tangi lilikuwa kavu kabisa, na kijana wa duka alinisaidia kuisukuma hadi sheli.

Servisi ya kwanza imeandikwa ni bure baada ya kilomita 500. Bure hiyo ni mikono ya fundi. Oili wanakuuzia 18,000. Nilipokwenda wiki iliyopita nilibeba lita yangu kwenye mfuko, ya daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, niliyoinunua Mlango Mmoja kwa 13,000. Binti wa mauzo aliutazama mfuko, akatabasamu, akamwita fundi.