Siti binti Saad: jina tunalo, sauti hatujaisikia

Kwa karibu miaka sita niliamini kwamba sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, naijua. Nilikuwa na nyimbo 11 kwenye simu, nilizopewa na rafiki ambaye naye alipewa na mtu mwengine, na kila moja imeandikwa jina lake. Sauti yenyewe nzito, ya chini, ina mkwaruzo kama iliyopita kwenye moshi wa kuni. Niliipenda sana. Siku moja ya masika nimekaa barazani na marehemu bibi yangu mzaa mama, yeye anamenya muhogo, nikamwekea wimbo mmoja.

"Nani huyo?" akauliza.

"Siti, bibi. Siti binti Saad."

Akatega sikio, kisu kimesimama mkononi. "Siye. Huyo Kidude. Siti sauti yake ilikuwa juu, nyembamba, inakata. Ukiwa jikoni na mlango umefungwa unaisikia."

Bibi hakuwahi kumwona Siti akiimba. Alimsikia utotoni kwenye gramafoni ya jirani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, na zaidi ya miaka 60 baadaye bado aliweza kuitofautisha sauti ile na nyengine kwa kusikia mshororo mmoja tu. Kosa langu lilikuwa rahisi kulifanya, kwani Bi Kidude, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2013, aliimba nyimbo nyingi zilizotoka kwa Siti. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikizitafuta santuri zenyewe, zile za mwanzo, za Siti mwenyewe, kutoka kinywani mwake. Hadi sasa nimepata nyimbo 19 ambazo nina yakini nazo. Hizo ndizo ninazozizungumzia hapa.

Huenda mtu akashangaa nikisema Siti hajathaminiwa. Jina lake liko kila mahali. Sisi wengine tulisoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Jarida la chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, lilipewa jina la Sauti ya Siti. Kila anayeandika habari za taarab lazima aanzie kwake. Lakini muulize mtu huyo huyo aimbe mshororo mmoja kama Siti alivyouimba, au akwambie sauti ile ilikuwa ya namna gani, utaona anahamia kwenye historia: alizaliwa Fumba, aliitwa Mtumwa, alikuja mjini, akawa Siti, akafariki 1950. Tumemhifadhi kwenye maandishi mpaka mdomo wake tukaufunga. Mimi mwenyewe nilijibu maswali ya mtihani juu yake skuli na nikapata alama nzuri, bila kumsikia hata sekunde moja.

Basi tuje kwenye sauti.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Kati ya mwaka huo na 1930 kundi lile lilirekodi nyimbo zaidi ya 250 kwa makampuni tofauti. Kabla ya hapo taarab iliyoheshimika Unguja ilikuwa ya Kiarabu, ya kasri la Sultani na ya vyama kama Ikhwani Safaa. Siti alijifunza kwa watu wa chama hicho, akaimba kasri, akaimba Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, na alipofika mbele ya maikrofoni aliimba Kiswahili. Kiarabu na Kihindi pia alikiimba, na nyimbo hizo nimezisikiliza, lakini niseme kweli: hapo namsikia mwanafunzi hodari. Kwenye Kiswahili namsikia mwenye nyumba.

Upande mmoja wa santuri ulikuwa unabeba kama dakika tatu tu. Mtu aliyezoea taarab ya siku hizi, wimbo mmoja dakika kumi na zaidi, atahisi amekatiwa maji katikati ya kuoga. Mimi nilihisi hivyo wiki za mwanzo. Baadaye nikaanza kuona dakika tatu zile zimemfanyia nini. Hakuna utangulizi mrefu wa ala. Udi unagusa, fidla inaingia, na mara yeye yupo, tayari amefika mbali. Hana muda wa kukuomba umsikilize. Nyimbo ambazo usiku wa taarab zingenyooshwa mpaka watu wachoke kutunza, humu zimekamuliwa mpaka limebaki tui la kwanza.

Kinachonirudisha kila mara ni anavyomaliza mshororo. Mimi napiga fidla kwenye kikundi chetu kidogo cha taarab, jioni tatu kwa wiki, na nimekuwa nikijaribu kuufuata uimbaji wake kwa upinde. Sauti yake haikai kifuani. Iko mbele, puani na nyuma ya meno, kali kama ncha ya sindano. Anapofika kwenye irabu ya mwisho haiachi ife kivyake. Anaishika, anaitikisa kidogo, anaishusha ngazi mbili tatu, kisha anaikata kavu. Hapo kwenye zile ngazi ndipo kazi yote ilipo. Ukipunguza kasi ya rikodi kwenye kompyuta, kama nilivyofanya usiku kucha siku moja, unakuta kila ngazi ina mahali pake kamili, hakuna kuteleza. Aliyesoma chuoni akasikia wasomaji wazuri wa Kurani atautambua mkono ule, lakini maneno ni ya mtaani na ucheshi ni wa mtaani.

Nguvu ya sauti nayo si ya darasani. Huyu ni mtu aliyewahi kutembea akinadi vyungu, na anayenadi lazima asikike ndani ya nyumba akiwa bado nje ya ua. Naamini mkao ule wa sauti aliutoa huko. Bibi na mlango wake wa jikoni alikuwa anasema jambo lile lile.

Wenzake nao wasisahauliwe. Fidla haimsindikizi kwa namna tuliyofundishwa sisi, ya kukaa nyuma na kujaza mapengo. Inaimba naye. Inashika sauti ile ile anayoishika yeye lakini kwa njia yake, mara inamtangulia nusu hatua, mara inamchelewa, na baina yao panatokea msuguano mtamu ambao ukiuandika kwenye karatasi ya noti unapotea. Nilipowaomba wenzangu tujaribu hivyo, mpiga ganuni wetu, mtu mzima ambaye namwita ami, alinitazama akasema, "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipiga kabla hatujaambiwa tunakosea." Tulikaa kimya kidogo, kisha tukaanza upya.

Kama utasikiliza wimbo mmoja tu, tafuta wa Kijiti.

Huu si wimbo wa mapenzi. Ni habari ya kesi. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alikwenda matembezi na rafiki zake pamoja na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Hakurudi hai. Kijiti akatorokea bara, na waliobaki kubeba adhabu wakawa wale rafiki wanawake wa marehemu waliotoka naye. Siti akalichukua jambo hilo, likiwa bado linauma, akaliimba.

Nataka uangalie vina. Ubeti wa mwanzo unakwenda kwa "ti". Jina la Kijiti linaleta foliti, ule mchezo wa watoto wa kukimbizana tuliocheza sote uwanjani, na foliti inaleta maiti. Maneno matatu, na ndani yake kisa kizima: mtu, hila yake, na mwisho wake. Foliti ndilo lililonishika koo. Angeweza kupata neno jengine la kina hicho, la kisheria au la kulaani. Akachagua la watoto, kwa sababu mgeni yule alichukuliwa kwa vicheko, kama anakwenda kucheza. Na Siti halii. Sauti imekaa pale pale juu, imenyooka, kama ya mtu anayetoa ushahidi na anajua hakimu hatamuamini lakini mtaa mzima unasikia. Kilio chote kimeachiwa fidla.

Siku zile mahakama ilikuwa mikononi mwa wakoloni, na mwanamke wa Ng'ambo alikuwa hana pa kukata rufaa. Santuri ilikwenda mikahawani na majumbani, ikarudiwa mara kwa mara. Watu wakajua nani alifanya nini, na wanawake wakaonyana. Mwenye kutaka kujua kwa nini watu wa Ng'ambo walimpenda Siti, kuliko hata watu wa kasri, wimbo huu unatosha.

Katika zile 19, kama sita au saba za mapenzi zinafanana lahani mpaka nikizisikiliza mfululizo nazichanganya. Baadhi zinakatika ghafla, dhahiri kwamba santuri imejaa na mtu kaashiria. Kuna moja anaanza ubeti na hamalizi, na inaniuma kila nikifika pale, kwa sababu najua ubeti uliobaki ungekuwa ndio wa jibu. Pia kuna mwahala maneno hayasikiki kabisa, hata baada ya kurudia mara 20. Kwa hizo nilikwenda kwa wazee, nikapata maneno kwa baadhi tu.

Kuna jambo jengine ambalo lazima niliseme, kwa kuwa limenipotezea miezi. Nakala nyingi zinazozunguka zimeharibiwa, na aliyeziharibu alikuwa na nia njema.

Uharibifu wa kwanza ni mwendo. Santuri hizi zilitengenezwa zizunguke takriban mara 78 kwa dakika. Aliyehamisha kwenye kompyuta akikosea mwendo kidogo tu, sauti inapanda, na Siti, ambaye tayari yuko juu, anageuka mtoto. Nilipewa nakala ya namna hiyo na mtu mmoja aliyenihakikishia ndiyo bora kuliko zote. Nikaipigia fidla wiki mbili, kila siku nakaza nyuzi, mpaka moja ikakatika na kunichapa shavuni. Dalili ya kutambua ni konsonanti. Msikilize anaposema "k" na "t". Zikiwa zinadonoa kama kuku juu ya bati, mwendo si wake. Punguza kidogo kidogo mpaka maneno yawe na uzito wa mtu mzima anayezungumza. Programu nyingi za bure za kuhariri sauti zinaweza hilo.

Uharibifu wa pili ni usafi. Santuri kuukuu ina mvumo wake, ule wa mtu anayepepeta mchele kwenye ungo chumba cha pili, na mtu wa leo akiusikia anakimbilia kuufuta. Ukifutwa sana, unaondoka na vitu vyengine. Nilikuwa na nakala mbili za wimbo mmoja, moja imesafishwa, moja haijaguswa. Kwenye ile safi sauti inasikika vizuri mwanzoni, imesimama peke yake, inang'aa. Lakini mwisho wa kila mshororo unafika kama umekatwa kwa mkasi, na nilidhani ndivyo alivyoimba. Nikaja kuisikiliza ile chafu kwa vipokea sauti vya masikioni, usiku, mji umetulia. Zile ngazi zilikuwemo. Mbili, tatu, mara nne, ndogo kabisa, zinashuka ndani ya ule mvumo mpaka zinapotelea humo. Programu ilikuwa imezihesabu kuwa ni kelele.

Kwa uimbaji natoa nyota tano, na kama zingekuwepo sita ningetoa. Kwa nakala nyingi tulizonazo, mbili.

Usisikilize kwa spika ya simu, maana inakula fidla yote na udi wote, na itakubakishia ncha ya sauti tu ambayo itakuchosha haraka. Vaa vipokea sauti, hata vya bei ya chini. Soma maneno kwanza kama umeyapata. Anza na Kijiti, kisha uruke kwenye wimbo mmoja wa mapenzi, si miwili. Usizipange zote 19 zikaenda mfululizo wakati unapika. Hizi ziliundwa kusikilizwa upande mmoja, halafu mtu ainuke, ageuze santuri, azungushe mkono wa gramafoni, na katika mapumziko hayo wenye kuzungumza wazungumze.

Na ukipata nakala mbili za wimbo mmoja, chukua yenye kelele.