Ukinunua chujio la maji, anza na koki

Malalamiko ninayoletewa kuhusu machujio ya maji ya nyumbani karibu yote ni neno moja: linavuja. Si kauri (udongo uliochomwa unaochuja maji) iliyopasuka, si maji yenye harufu. Ni ile koki ya plastiki chini ya ndoo. Muuzaji atakuhubiria mikroni (sehemu ya elfu ya milimita, kipimo cha udogo wa vitundu vya chujio) mpaka uchoke, lakini koki haigusi, maana ndipo alipobania.

Na si jambo dogo. Koki ikidondosha, watu huikaza; ikikazwa mno, nyuzi zake zinalika; ikifa kabisa, kifuniko kinafunuliwa na kila mtu anachota kwa kikombe chake. Vidole vinaingia kwenye maji ambayo kauri imeyahangaikia usiku kucha, na kauri haiachi kinga ndani ya maji kama klorini.

Kwa hiyo mwambie muuzaji ajaze ndoo mbele yako. Futa koki ikauke, zungushia karatasi laini pale inapoingia ndooni, kisha endeleeni na mazungumzo ya bei. Karatasi ikilowa, ondoka zako. Ikibaki kavu, ingiza mkono: kuwe na nati ndani, na washa, yaani pete ya mpira, ndani na nje. Ukikuta ya nje peke yake, dai ya pili.

Sasa chaguo zangu, na upendeleo wangu siufichi. Namba moja ni Sawyer PointONE. Vitundu vyake vya mikroni 0.1 vinazuia bakteria, sawa, lakini mimi lilinipata kwa kutokuwa na koki. Unatoboa ubavu wa ndoo ya maji machafu, unafunga mpira wa maji, chujio linakaa mwisho wa mpira na maji yanadondokea moja kwa moja kwenye dumu safi. Ukitaka yakome, unalipandisha chujio juu na kulitundika kwenye ukingo wa ndoo. Likipunguza kasi, unasukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano linalouzwa nalo. Virusi halizuii, na likishalowa kisha likagandishwa na baridi, limekwisha, wala kwa macho hutagundua.

Anayehofia virusi achukue LifeStraw Family, yenye mikroni 0.02. Naiweka ya pili kwa sababu ina koki, basi.

Cha tatu ni chungu cha kauri. Udongo huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, tanuri likayaunguza na kuacha vitundu, kisha chungu kikapakwa madini ya fedha. Ndio ubunifu wa Fernando Mazariegos wa Guatemala, 1981. Kinatoa lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo nyumba yenye watu wengi ijiandae kusubiri. Chungu chenyewe sina ugomvi nacho, ugomvi ni ndoo kinayouziwa nayo. Ukiweza, nunua chungu peke yake, ndoo tafuta mwenyewe, ufunge koki ya chuma.

Chujio la mchanga lililobuniwa na David Manz wa Calgary, Kanada, linatoa maji kwa bomba lililo wazi, na lazima libaki wazi. Utando hai wa vijidudu ulio juu ya mchanga unahitaji hewa, ndiyo maana maji yanayotuama juu yake huwa kama sentimita 5 tu. Bomba likifungwa, maji yanapanda na utando unakosa hewa. Na bado wapo mafundi wanaobandika koki hapo, eti maboresho, na kuitoza pesa!

Kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa kilipunguza kipindupindu karibu nusu huko Bangladesh, kwa hiyo ni bora kuliko kukosa. Vile vidude vya kuvisha kwenye bomba, pita. Na chumvi au floraidi haiondolewi na lolote kati ya haya.

Kabla hujalipa, uliza bei ya koki ya akiba. Mara nyingi utajibiwa haiuzwi peke yake, nunua seti nzima: ndoo mbili na kauri mpya, wakati ya kwako bado nzima, kisa kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ukitoa karatasi ya dhamana, utaonyeshwa mstari wa chini kabisa, wenye herufi ndogo kuliko zote: dhamana haihusu koki.