Taa ya vichwa vinne ya kuvusha mimea wakati wa baridi: kazi inafanya, boksi linatia chumvi

Niseme mapema: nimeipa nyota tatu, na bado naitumia. Nyota mbili zimeponzwa na maandishi ya kwenye boksi na taima yake.

Boksi linadai wati 80. Geuza adapta usome yale maandishi madogo: volti 5, ampea 2. Zidisha, unapata wati 10, basi. Hizo 80 zimetoka wapi wanajua wenyewe. Na hizo 10 ni za vichwa vyote vinne, yaani kila kimoja kinaambulia mbili na nusu.

Lakini kwa kuvusha tu mimea ya joto mpaka baridi iishe, zinatosha. Niliingiza ndani hibiskasi, mchaichai, jerani na bogenvilia, zote kwenye vyungu, kabla baridi ya usiku haijashuka chini ya nyuzi 10. Mwanga wa dirishani majira hayo ni hafifu na siku ni fupi, kwa hiyo mmea hurefuka ovyo kuutafuta na kutoa majani yaliyopauka. Chini ya taa hii jerani zimebaki fupi na zimeshiba. Hibiskasi ni kijani, ua hakuna, wala sikulitarajia kwa mwanga wa namna hii. Bogenvilia imepukutisha karibu majani yote, ila hapo taa haina kosa. Ndivyo ilivyo ikihamishwa. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, iko hai: punguza maji, iache ilale.

Siri iko kwenye umbali. Mimi naweka kichwa cha taa kama sentimita 20 juu ya majani. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki takriban robo, kwa hiyo ukiitundika juu kabisa ya rafu umeweka pambo. Shingo zake zinapinda upendavyo na zinatulia hapo hapo. Kibanio nacho hakishiki ubao mnene. Changu nimekibana kwenye ukingo wa trei.

Kilichonifanya niipende ni mwanga wake mweupe. Taa nyingi za mimea hutoa mwanga wa zambarau, na humo jani zima na jani gonjwa yote yanaonekana meusi tu. Ndani ya nyumba yenye hita hewa hukauka, na hewa kavu ndiyo raha ya utitiri. Kwenye mwanga mweupe niliona nuktanukta za manjano juu ya majani ya hibiskasi, nikageuza jani: utando mwembamba kwenye mishipa, na vidudu vinavyotembea ambavyo ungedhani ni vumbi. Nikaupeleka mmea bafuni nikauosha kwa maji, hasa chini ya majani, na nikarudia kila baada ya siku chache mpaka vikaisha. Kwa mwanga wa zambarau ningegundua majani yakishaanguka.

Sasa taima. Unachagua iwake kwa muda wa saa 3, 9 au 12, weka 12. Hujirudia yenyewe kila siku, vizuri sana, hadi umeme ukatike. Umeme ukirudi, taa haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe, na hesabu ya saa inaanza upya kuanzia hapo. Ukisafiri, mimea inabaki gizani. Hata taima ya kuchomeka ukutani haisaidii, kwa sababu taa itaendelea kusubiri kitufe chake. Ukipata yenye swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, chukua hiyo, kisha ununue taima kando.

Na kama ulichonacho ni dahlia au kanna, usinunue taa yoyote. Baridi ikishaunguza majani, kata mashina, chimba viazi vyake, viache vikauke kidogo, kisha vifukie kwenye maranda ndani ya boksi. Viweke gizani penye nyuzi kati ya 4 na 10, na uvikague mara moja moja utoe vilivyooza.