Uzoefu wangu: kiuno kilinipeleka kwa kairoprakta (wale wanaonyoosha mgongo na viungo kwa mikono) wawili, mmoja tu ndo naweza kumrudia

Jamani mimi nauza viazi Mwanjelwa hapa Mbeya, mwaka jana mwezi wa tano nikawa nasaidiana na kijana kusogeza lumbesa iliyotoka Isyonje, kiuno kikakata hapohapo, maumivu yakawa yanashuka tako la kulia mpaka shavu la mguu, usiku kujigeuza kitandani mpaka nishike ukuta.

Nikakimbilia kambi moja ya tiba iliyokodi ukumbi mjini. Yule jamaa hakuniuliza hata umri, kanishika kichwa kakizungusha shingo ikalia KWAA, na mimi nimekuja na kiuno! Eti pingili imerudi mahali pake, afu anataka nilipie mahudhurio 20 palepale. Siku mbili nzima kizunguzungu. Inaniuma mpaka leo maana shingoni inapita mishipa ya damu inayoenda kwenye ubongo, ikichanika (ni nadra lakini ipo) mtu anapata kiharusi. Na ule mlio ni gesi tu kwenye maji ya kiungo, sio mfupa unaorudi.

Dada yangu wa Dar ndo akanitafutia mwingine. Nikapanda treni ya TAZARA, daraja la kulala, maana kukaa kwenye basi kilomita zaidi ya 800 nisingeweza.

Huyu sasa karibu nusu saa ya kwanza ni maswali tu. "Mama, mkojo unaubana vizuri? Sehemu unayokalia baiskeli ina ganzi? Umepungua mwili, unatoka jasho usiku, umewahi kuugua TB?" Nikashangaa TB na kiuno wapi na wapi, akanieleza TB inaweza kula pingili za mgongo na mgongo wa hivyo haunyooshwi kabisa, unapelekwa hospitali, na ganzi ile au mkojo kugoma ni kukimbia hospitali siku hiyohiyo. Kanitembeza kwa vidole, kwa visigino, kagonga goti na kinyundo, kanilaza chali akanyanyua mguu wa kulia umenyooka, haujafika hata nusu ukapita kama umeme mpaka kwenye shavu la mguu. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa. Ndo akaanza, taratibu, kila anachotaka kufanya ananiambia kwanza, shingo hakuigusa.

Tulikubaliana mara sita, nalipa kila nikienda, na akasema mwanzoni kabisa kama mara ya nne hamna nafuu tunaacha ananiandikia barua ya kwenda kwa daktari. Nafuu niliiona mara ya tatu. Nikamuuliza na presha ya mama yangu je, maana wa kambini alisema ananyoosha mpaka presha na pumu, akanijibu "hapana mama, mimi ni mgongo na viungo, presha apelekwe kliniki." Hapo ndo nikamwamini moja kwa moja.

Sijapona asilimia mia, nisidanganye. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu kiuno kinakumbusha, ila debe la viazi naliinua, kwa kuchuchumaa sio kuinama. Kwa walio Mbeya, Iringa, Njombe ambao Dar ni mbali, ulizeni fiziotherapia (tiba ya mazoezi na viungo) ya hospitali kwanza, mazoezi niliyopewa na yule wa Dar dada mmoja wa fizio hapa aliyatambua yote, akaniongezea na la kunyanyua kiuno nikiwa nimelala chali. Nalifanya kwenye mkeka alfajiri kabla gari la mzigo halijafika.