Duka la Vipuri vya Malori, Kizota: Kipuri Kimoja, Majina Manne

Duka hili liko upande wa Kizota, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, wanakopita madereva wa malori yanayotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kuipeleka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Bei zake ni za kawaida. Kinacholitofautisha na mengine ni orodha iliyobandikwa kaunta, ambamo kila kipuri kimepewa namba moja pamoja na majina yote ambayo wateja hukiitia.

Faida yake niliiona palepale. Dereva mmoja alisema, "Kaka, naomba shokapu za nyuma za Fuso," na aliyemfuata, Mkenya, akauliza, "Bosi, uko na shok za nyuma?" Muuzaji aliwaonyesha mstari uleule wa kipuri kinachopunguza mtikisiko wa gari (kwa Kiingereza shock absorber), wenye pia "shokomzoba" ya mafundi wa zamani. Huku kwetu, ambako ufundi hufunzwa gereji kwa Kiswahili, neno la Kiingereza huongezewa irabu na kuingizwa kwenye ngeli mpaka asili yake isitambulike: madigadi (kutoka mudguard, kinga ya matope) yalisikika kama wingi, basi moja likaitwa digadi, na kipilefti cha barabarani (kutoka keep left, mzunguko wa makutano) kikapata vipilefti vyake. Kenya, ambako Kiingereza kina nafasi kubwa zaidi shuleni na kazini, neno mara nyingi huachwa karibu na matamshi ya Waingereza. Dereva wa Bukavu naye huomba buji (bougie) badala ya plagi, kwa kuwa wenzetu wa Kongo hukopa zaidi Kifaransa. Wala sisi wa bara tusiwacheke: shule yetu tumeitoa kwa Wajerumani, ilhali Wazanzibari wana skuli ya Mwingereza.

Kasoro ninayoiona ni safu ya mwisho, iliyopewa kichwa "Kiswahili fasaha", yenye maneno kama "kifyonza mshtuko" ambayo sikumsikia mteja yeyote akiyatamka. Nafasi hiyo ingefaa zaidi kuandikwa bei, ambazo kwa sasa ni lazima uulize.

Risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) hutolewa bila kudaiwa, ila majina ya vipuri ndani yake yako kwa Kiingereza kilichofupishwa mno. Linganisha namba ya kipuri na ile ya orodha kabla hujaondoka, hasa ukinunua bushi au beringi, ambazo hutofautiana kwa milimita chache tu.