Laptopu ni nzima, windo waliyoniwekea dukani ndo kimeo

Wakuu salama? Leo naleta mrejesho wa laptopu niliyonunua Kariakoo mwezi uliopita. Jina la duka silitaji maana nimekuja kugundua walichonifanyia sio wao peke yao, maduka kibao wanafanya hivyohivyo na wateja tunashukuru kabisa tukidhani tumepewa ofa.

Mimi nina steshenari huku Mbagala, naprinti, naskani, najazia watoto maombi ya chuo na mkopo, natengeneza sivii. Mashine yangu ya zamani ilikuwa na prosesa ya Intel kizazi cha saba na windo ya Windows 10, na Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, alafu kuipandisha kwenda 11 haikubali maana 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Nikasema basi nijikaze ninunue mpya ya boksi, nimechoka na used za kupigwa rangi.

Nikaenda peke yangu bila winga, maana winga anakupeleka kwenye duka lenye chake, nikazunguka weee mpaka nikaangukia hiyo laptopu, i5 kizazi cha 12, ramu GB 8, diski ya SSD ya GB 512, milioni moja laki nne na thelathini, risiti ya EFD nikapewa bila hata kuidai. Hapo nawapa maua yao. Boksi lilikuwa na sili, tukalifungua mbele yangu, tukawasha, ikaleta ile skrini ya mwanzo kabisa ya kuchagua nchi, yaani mashine haijaguswa na mtu. Kijana akaniambia, "Dada'angu nikuwekee kila kitu bure, ofisi, antivairasi, madude yote, we zunguka lisaa limoja urudi." Nami nilikuwa na rimu za karatasi za kununua, nikasema haya. Hapo ndo nilipokosea.

Nafika nyumbani nawasha, naona imeandika Windows 11 Pro. Boksi langu limeandikwa Windows 11 Home. Nikafurahi kwanza eti nimeongezewa. Siku ya pili kila nikifungua brauza yananirukia matangazo ya kubeti, ulinzi wa Windows umezimwa, nikiuwasha unazima wenyewe, diski imekatwa vipande viwili C na D kama enzi zile, na kuangalia leseni vizuri ni ile ya krak, yaani ya wizi, ya siku 180, ikiisha inajihuisha yenyewe kwa kaprogramu kamejificha huko ndani. Sasa mimi kwenye hiyo mashine wanapita watu na namba zao za NIDA na paswedi za akaunti za mkopo, niweke kitu ambacho sijui kinaongea na nani? Nikasema naipiga windo upya mwenyewe, si kazi ya nusu saa bana. Nimeshazipiga nyingi za mtaani.

Nusu saa ikawa siku mbili.

Kwanza nikataka njia rahisi, laptopu nyingi mpya zinakuja na sehemu ya siri kwenye diski ya kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani. Nikaitafuta, hamna. Yule kijana alipoweka Pro yake alifuta diski nzima, na ile sehemu ikaenda na maji. Kwa hiyo ikabaki kupiga windo kwa flashi. Nikashusha ile programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi, inataka flashi ya kuanzia GB 8, na mzigo wenyewe ni zaidi ya GB 5 kwa hiyo nikasubiri bando la usiku, saa nane niko macho kama mlinzi.

Asubuhi nachomeka, nabonyeza F12 iwake kwa flashi (kwenu inaweza kuwa F9 au F2 au Esc, inategemea kampuni), inalodi vizuri, nachagua lugha, nakubali masharti, nafika pale pa kuchagua diski ya kuwekea. Orodha tupu. Hakuna diski hata moja! Natoa flashi nawasha, Windows ya krak inawaka kutoka kwenye diski hiyohiyo. Narudisha flashi, diski haipo. Nikahisi narogwa.

Nikaipeleka kwa fundi wa pale stendi, akaangalia dakika mbili tu, "Dada hii SSD inakufa, inaonekana mara haionekani, nina nyingine hapa laki na ishirini." Laptopu ina siku tatu! Nikamwambia kaka asante ngoja nijifikirie. Simlaumu sana, kwa mashine za zamani ningeweza kumwamini, maana zamani diski isipoonekana kweli ilikuwa imekufa au waya umelegea.

Kumbe tatizo ni kitu kinaitwa VMD. Nitaeleza kwa kiswahili cha steshenari. Kuanzia kizazi cha 11 cha Intel, laptopu nyingi zinatoka kiwandani diski imewekwa nyuma ya hiyo VMD, ni kama msimamizi wake, na huyo msimamizi ana draiva yake (kaprogramu ka kumtambulisha kwa Windows) inaitwa RST. Windows ya kiwandani inamjua kwa sababu kampuni imeshamtia humo. Flashi yako uliyotengeneza usiku haimjui, kwa hiyo ikiuliza "diski iko wapi" hakuna wa kuijibu. Diski nzima kabisa, imefichwa tu mlangoni. Na yule kijana wa duka bila shaka analijua hilo, si aliweka Pro yake lisaa limoja tu, flashi yake ina draiva tayari. Angeniambia sentensi moja tu ningeokoa siku mbili.

Dawa yake ziko mbili. Ya kwanza unaingia bayosi (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka) unaizima VMD, ila kwenye mashine yangu hiyo batani haionekani, kuna kampuni wanaificha mpaka ubonyeze vitufe fulani kwa pamoja, na ukiizima wakati bado unaitegemea Windows iliyomo inaweza ikagoma kuwaka, kwa hiyo usiizime kwa kujaribujaribu kama una vitu vyako humo. Ya pili ndo niliyofanya, unashusha draiva ya RST, unaiweka kwenye flashi, pale kwenye orodha tupu unabonyeza sehemu ya kulodi draiva unaichagua. Inasikika rahisi eeh? Mimi niliweka lile faili kama lilivyoshuka, SetupRST.exe, nikalodi, ikaniambia hakuna draiva hapa. Mara tatu! Nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu la USB, nikamfokea mtoto wa watu bure aliyekuja kutoa kopi.

Kile kisetapu kimefunga draiva kwa ndani, inabidi uzitoe kwanza. Unafungua ile skrini nyeusi ya amri kwenye kompyuta nyingine, unaenda ulipoliweka hilo faili, unaandika SetupRST.exe -extractdrivers alafu jina la folda unayotaka, zinamwagika humo. Folda hiyo ndo unaipeleka kwenye flashi. Nikalodi, ikaniletea jina la Intel RST VMD, nikabonyeza endelea, na diski hiyoo, GB 476 na ushee (msishtuke sio wizi, GB 512 za boksi Windows inazihesabu hivyo). Nilipiga kelele mpaka jirani wa genge akaja kuuliza kuna nini.

Nikafuta vipande vyote, nikaacha diski moja wazi, ikaanza kazi. Na hapa ndo kuna kitu kilichonikera kuliko vyote, maana haikuniuliza funguo ya leseni wala niweke Home au Pro, ikaweka Home yenyewe, na nilipounga intaneti tu ikajihuisha, halali kabisa. Funguo ya herufi na namba 25 imo ndani ya bayosi tangu kiwandani, nimeilipia kwenye ile milioni moja na laki nne. Yaani yule kijana alifuta kitu halali nilichokinunua akanipa cha magumashi, akaita zawadi.

Ila kabla ya hapo bado kulikuwa na kihunzi, windo mpya ikataka intaneti ndo iendelee, na waifai haina draiva, tachipadi nayo imekufa ganzi. Mausi ya waya ilisaidia. Intaneti nikachomeka simu kwa waya wa chaji, nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, ikashika hapohapo. Kama simu yako ni Android jaribu hiyo kabla hujaanza kuhangaika na mambo mengine. Baadaye nikageuza laptopu, nikasoma serial namba ya mashine iliyobandikwa chini, nikaiandika kwenye tovuti ya kampuni, draiva zote zikaja, waifai, tachipadi, sauti.

Alafu jambo la BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, ukipiga windo upya ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinafunga diski zenyewe kimyakimya bila kukuuliza. Sio vibaya, laptopu ikiibiwa kwenye daladala vitu vyako havisomeki, lakini siku ikidai ile funguo ya tarakimu 48 na wewe akaunti ulifunguliwa na kijana wa duka kwa imeili yake, umekwisha. Mimi nimeiprinti, iko kwenye faili na risiti.

Nikarudi dukani, sio kwa shari, nikawaeleza. Kijana akacheka, "Dada wateja wote wanataka Pro, ukiwaachia Home wanasema tumewapunja." Nikamuuliza na ile ya kurudisha kiwandani mliyofuta je? Akasema hiyo inakula nafasi tu. Kisha akanitisha kwamba nikipiga windo mwenyewe waranti imekufa. Karatasi ya waranti nilikuwa nayo kwenye mkoba, nimeisoma mbele nyuma, inaongelea skrini, ubao, chaja, betri, windo haijatajwa. Nikamwonyesha, akaanza kuhudumia mteja mwingine.

Mashine yenyewe sasa, maana nisije nikaonekana nailalamikia. Iko vizuri. Chaji inanipeleka masaa sita hivi nikiprinti na kutaipu, Tanesco wakikata mchana namalizia kazi. Kibodi laini, feni haipigi kelele hadi nifungue brauza vidirisha ishirini. Skrini juani haionekani vizuri, na spika ni za kinyonge, ukitaka muziki tafuta spika ya nje. Ramu GB 8 inatosha kwa kazi zangu ila ina nafasi ya kuongeza, nitaongeza hela ikipatikana.

Laptopu naipa nne kwa tano, duka nawapa mbili, moja ya bei na moja ya risiti. Ukienda kununua popote pale, ikishawaka pale mbele yako waambie waizime na waifungashe hivyohivyo, ofisi utaweka mwenyewe. Wakikulazimisha sana ujue kuna mtu analipwa kwa hayo madude.

Kitu kimoja bado kinanisumbua, ile sehemu ya kuweka kidole kufungulia haisomi tangu nipige windo, draiva ya kwenye tovuti nimeweka mara mbili inasema iko sawa ila kidole hakisomi. Aliyewahi kukutana na hiyo anishtue.